Kabla ya Kununua Rejeta ya Tatu

(Maneno ya dereva wa chama mbele ya mkutano wa wanachama. Yamenakiliwa hapa ubaoni kwa agizo la Kamati, ili wale ambao hawakufika mkutanoni nao wayasome.)



Mimi si mtu wa kusimama mbele za watu. Kazi yangu ni usukani. Lakini Ndugu Katibu amenitaka niseme, kwa sababu katika ajenda ya leo limo neno rejeta, na kila neno hilo linapotajwa naona macho yenu yananigeukia mimi. Mnayo haki. Pikapu ni ya chama, fedha ni za chama, na kwa misimu miwili fedha nyingi zimeingia chini ya boneti ile zisirudi. Wapo wanaosema dereva na fundi wanakula sahani moja. Nimeyasikia hayo kisimani, nimeyasikia na kwenye mashine ya kukoboa. Basi leo nitaeleza yote, pamoja na yale ya kunitia aibu mwenyewe, kisha mpige kura mnavyoona.

Kamati inapendekeza tununue rejeta mpya. Mimi ninayeliendesha gari nasema tusinunue. Tuliyoiondoa bado tunayo, na ugonjwa wa gari letu hauko pale tunapoutazama.

Niwakumbushe jinsi tulivyofika hapa. Msimu wa juzi tulipeleka mchele Mahenge. Mnaijua njia ile: toka Ifakara unavuka Daraja la Magufuli, lile lililofunguliwa mwaka 2018 likatupumzisha na foleni ya kivuko, unakwenda Lupiro kwenye tambarare, halafu milima inaanza. Kwenye tambarare mshale wa joto ulikaa katikati, umetulia kama mzee barazani. Tulipoanza kupanda, nao ukapanda. Nilirudi nikamwona fundi mmoja, jina lake si la muhimu hapa, akaniambia: "Themostati ndiyo inayobana maji. Toa, tupa. Nchi hii ya joto, ya nini?" Nikakubali. Tukatoa, tukatupa. Hilo ni kosa langu la kwanza, nami nalikiri.

Hebu niwaeleze themostati ni kitu gani, maana mafundi wengi wa barabarani wanaitupa na wenye magari wanashukuru. Ni mlango mdogo wa chuma, unaingia kwenye kiganja cha mtoto. Injini ikiwa baridi unafunga, maji yanazunguka ndani kwa ndani mpaka injini ipate joto lake la kufanyia kazi. Maji yakifika kama nyuzi 82, ndani yake kuna nta inayovimba na kuusukuma mlango, ndipo maji yanakwenda kwenye rejeta kupoa. Hilo wengi wanalijua. Wasilolijua ni kwamba themostati ya injini kama yetu ina kisahani cha pili kwa chini. Mlango mkubwa ukifunguka, kisahani kile kinaziba njia ya mkato, ile inayoyarudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa themostati nzima, njia ya mkato inabaki wazi siku zote. Sehemu ya maji ya moto inarudi ilikotoka, haikuiona rejeta wala upepo. Kwenye tambarare hutagundua kitu. Kwenye kilima, na mzigo mgongoni, utagundua.

Sisi hatukugundua. Gari lilipochemsha tena tukasema rejeta imekufa, chama kikanunua mpya ya kung'aa, ile ya zamani tukaitupa ghalani. Safari ya kwanza na rejeta mpya, kwenye kilima kile kile, mvuke ukatoka. Nilikuwa na haraka, kuna mteja ananingoja juu. Nikachota maji ya kijito kwenye dumu nikayamimina ndani injini ikiwa bado moto wa kuunguza. Hilo ni kosa la pili, na ndilo kubwa. Chuma kilichokuwa moto kikapokea maji ya baridi, kikasinyaa ghafla, silinda hedi ikapasuka katikati ya vali. Na kabla ya hapo kijana wetu wa kupakia alikuwa amefungua kifuniko mbele yangu sikumkataza, akaungua mkono hadi kwenye kiwiko. Amepona, yuko pale nyuma, lakini kovu mnaliona.

Fedha zilizonunua hedi nyingine zilikuwa za maturubai ya kuanikia mpunga. Mvua za mwisho za Mei zikaukuta mpunga wetu uko chini, mwingine ukaota mizizi. Sina haja ya kuendelea. Kila mmoja anajua alipoteza debe ngapi.

Sasa mshale umeanza kupanda tena. Safari hii sikwenda kwa fundi kwanza. Nimekaa na gari wiki mbili, nikitazama kitu kimoja kimoja, na kijana huyo huyo alikuwa anaandika kwenye daftari.

Siku ya kwanza tulitazama hedi, maana kama hedi imepasuka au gasketi yake imeungua, hata mkinunua rejeta kumi ni bure. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, tulifungua kifuniko, tukajaza maji mpaka juu, tukawasha. Kama moshi wa silinda unaingia kwenye maji, utaona mapovu yanapanda mfululizo, hayaishi, na mpira wa juu unakuwa mgumu mapema kabla hata maji hayajapata moto. Tuliona mapovu machache ya hewa iliyokuwa imebaki, kisha maji yakatulia. Tukachomoa kijiti cha oili: oili ni nyeusi ya dizeli, haikugeuka kuwa kama chai ya maziwa. Moshi wa ekzosi si mweupe. Basi hedi mliyoinunua ni nzima, na hilo peke yake ni habari njema kwa mkutano huu.

Siku ya pili tulitoa grili ya mbele. Jamani, aibu. Vile vibati vyembamba vya rejeta, mapezi yanayopitisha upepo, vilikuwa vimejaa makapi ya mpunga, mbegu za majani, wadudu na tope lililokauka. Upande wa chini hakuna hata mwanga uliopenya. Gari letu linashinda mashambani, linapita kwenye majani yanayofika boneti, linaegeshwa kwenye upepo wa mashine ya kukoboa. Rejeta haipoi kwa maji, inapoa kwa upepo unaopita katikati yake. Tulipuliza maji toka upande wa injini kwenda mbele, yaani kurudisha taka kule zilikoingilia, kwa mpira wa kawaida bila nguvu nyingi ili vibati visipinde. Ilichukua asubuhi nzima. Haikugharimu senti.

Siku hiyo hiyo nikauliza: kava la feni liko wapi? Pale kati ya feni na rejeta kunatakiwa kuwe na duara la plastiki linaloizunguka feni. Wakati wa kufunga hedi lilitolewa, halikurudishwa, na mimi sikuuliza. Bila kava, feni inazungusha upepo ule ule wa moto pembeni yake badala ya kuuvuta kupitia rejeta. Ukikimbia barabara ya lami ya Kidatu, upepo wa mwendo unakusaidia. Ukiwa kwenye tope la njia ya Mlimba wakati wa masika, gia ya kwanza, injini inaunguruma na gari linatambaa, upepo wa mwendo haupo, una feni tu. Kava nimelikuta ghalani. Kuku wa mlinzi alikuwa ametagia ndani yake. Mayai tumemkabidhi mlinzi, kava limerudi mahali pake.

Feni yenyewe ina klachi katikati, chungu kidogo kilichojaa mafuta mazito ambayo yakipata joto yanaishika feni izunguke kwa nguvu. Tulizima injini ikiwa moto, tukaisukuma feni kwa mkono. Nzima hukataa, husogea kidogo ikasimama. Yetu ilizunguka kama pia ya mtoto, na pembeni kuna alama ya mafuta yaliyovuja. Klachi hiyo imekwisha. (Msijaribu kuishika feni injini ikiwa inawaka. Nasema hivi kwa sababu nawajua vijana wa hapa.)

Kifuniko cha rejeta nacho. Watu wanadhani ni kifuniko tu kama cha sufuria, ukikosa unaweka chochote. Sivyo. Kifuniko kina springi na mpira, kazi yake ni kuyabana maji. Maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 100, lakini yakibanwa na kifuniko kilichoandikwa 0.9, kama chetu, hayachemki mpaka karibu nyuzi 118. Hizo nyuzi 18 ndizo zinazokupandisha Mahenge. Mpira wa chetu umekatika nusu. Kwa hiyo maji yetu yalikuwa yanachemka mapema na kumwagika, nasi tunasema gari linakula maji. Na ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hivi! Ila msije mkanunua chenye namba kubwa zaidi mkidhani ndiyo nguvu. Mkandamizo ukizidi, utatafuta mpira mchovu uupasue. Nunua namba ile ile.

Mpira wa chini wa rejeta umelainika kama ndizi iliyoiva. Ukiubonyeza unanata ndani. Pampu ya maji, wota pampu, tumeitazama: kile kitundu chini yake hakina alama ya maji, na ukiitikisa puli haichezi. Pampu ibaki. Mkanda pia ubaki, tumeukaza tu.

Sasa nije kwenye rejeta yenyewe, maana ndiyo inayotaka fedha.

Tulipotoa ile tuliyonunua na kuiweka sambamba na ya zamani pale ghalani, hata mtoto angeona. Ya zamani, ya shaba, unene wa tumbo lake ni vidole vitatu, na mirija imepangwa safu tatu. Ile mpya ni ya aluminiamu yenye vichwa vya plastiki, unene kidole kimoja na nusu, safu moja. Matundu ya bolti yanalingana, mipira inaingia, ndiyo maana muuzaji alisema "ni ya Hilux hii hii". Ni ya Hilux kweli, lakini Hilux si moja. Zipo za petroli na za dizeli, zipo injini za 2L, 3L na 5L, na joto la kila moja si sawa. Yetu ni LN106, dizeli ya 3L, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,779, nayo inabebeshwa magunia. Sisemi aluminiamu ni mbaya. Magari mengi ya siku hizi yanatoka kiwandani na rejeta za aluminiamu na yanakwenda vizuri, na ingekuwa nene ya kutosha na ya injini yetu ningenyamaza. Ila hii ni nyembamba. Zaidi ya hayo, vichwa vyake vya plastiki vimebanwa kwa meno. Siku plastiki ikipasuka, hapa kwetu hakuna wa kuirudisha. Ya shaba inafunguliwa vichwa kwa moto, mirija inachokonolewa kwa waya bapa, inafungwa tena kwa risasi. Fundi wa kazi hiyo anapatikana. Tumeijaza maji ile ya zamani: inavuja sehemu mbili tu, zote kwenye maungio, na imeziba kwa uchafu wa ndani.

Uchafu huo ni wetu. Ni maji ya kisima tuliyokuwa tunajaza kila siku. Angalieni ndani ya birika la chai, ule ukoko mweupe. Ndio huo huo unaoota ndani ya mirija. Kuongeza maji kila asubuhi ni kuongeza ukoko kila asubuhi. Ndiyo maana naomba tuweke kulanti. Najua mtasema kulanti ni ya nchi za barafu. Inazuia barafu, ndiyo, lakini pia inazuia kutu, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Ichanganywe na maji ya mvua tuliyokinga, si ya kisima, nusu kwa nusu. Na kama siku moja rangi ile haipatikani, tusichanganye na nyingine ya aina tofauti, zinaweza kugandana.

Kwa hiyo ninachoomba kununuliwa ni hivi: themostati, kifuniko cha 0.9, klachi ya feni, mpira wa juu na wa chini pamoja na vibano vyake, na kulanti. Na fedha ya fundi wa kuzibua rejeta ya zamani. Yote kwa pamoja hayafiki bei ya rejeta mpya ya kweli. Ile ya aluminiamu tuiuze kwa mwenye gari dogo itakalomfaa, na tumwambie ukweli kwa nini tunaiuza.

Kuhusu kununua. Safari ile nyingine tulimtuma mtu mjini na karatasi imeandikwa "rejeta ya Hilux". Kosa hilo ni letu wote. Safari hii mnunuzi aende na vifaa vya zamani mkononi, na picha ya kile kibati chenye namba ya chasisi na aina ya injini, simu zote siku hizi zinapiga picha. Akifika Gerezani pale Kariakoo, au Morogoro mjini, asiulize "mna orijino?" Hakuna atakayesema hana. Aangalie namba. Spea za Toyota zina namba ndefu, na tarakimu za mwanzo zinasema ni kitu gani: 16400 ni rejeta, 16401 ni kifuniko chake, 16100 ni pampu ya maji, 90916-03 ni themostati. Namba zinazofuata ndizo zinazosema ni ya injini ipi. Akipewa boksi lenye maandishi yaliyofifia, au herufi zimekosewa, alirudishe. Bidhaa bandia ni kosa kwa sheria zetu, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoshughulika nazo, lakini tume haitakuwa nawe siku hiyo dukani. Asione haya kuchagua spea ya kampuni nyingine yenye jina na namba inayolingana kama fedha ya orijino haitoshi. Hiyo ni bora kuliko boksi la Toyota lenye kitu kisicho Toyota ndani.

Vya mtumba je? Rejeta ya mtumba naweza kuikubali, unaijaza maji unaitazama. Themostati, kifuniko na mipira ya mtumba, hapana. Mpira unazeeka hata ukiwa umelala rafuni.

Na themostati ijaribiwe kabla ya kufungwa. Mama yeyote hapa anaweza: itundike kwa uzi ndani ya sufuria ya maji, isiguse chini, washa moto. Lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na ukiyapooza ifunge. Tulikwisha kuuziwa moja, na duka silitaji, tukaichemsha mpaka maji yakapungua nusu, ikabaki imefumba kama jicho la mtu aliyelala. Ingefungwa hivyo, hedi ya pili ingekwenda.

Mama mmoja pale ameuliza swali, nalo ni zito: gari likichemsha njiani na nyuma kuna mgonjwa tunamkimbiza Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, itakuwaje? Mama, nitasimama. Nitapiga simu litafutwe gari jingine, au bajaji, hata bodaboda kama mgonjwa anaweza kukaa, aende. Mimi nitabaki na gari. Sitafungua kifuniko mpaka niweze kuweka kiganja juu ya rejeta bila kuungua, na hiyo huchukua nusu saa au zaidi, kisha nitaongeza maji kidogo kidogo injini ikizunguka taratibu. Nikilazimisha mwendo, mgonjwa wa wiki ijayo hatakuwa na gari kabisa.

Jambo la mwisho ni la kwenu, maana kwangu nimeshasema. Lumbesa. Gunia lililojazwa likashonewa kilemba juu halihesabiwi kuwa gunia moja na injini, hata kama mnunuzi analihesabu hivyo. Naomba Kamati iandike idadi ya magunia ya kupanda nayo Mahenge, na idadi ya kwenye tambarare, ibandikwe kwenye mlango wa gari. Nikizidishiwa nina haki ya kukataa, hata kama anayepakia ni mjumbe.

Risiti za mashine za kila kifaa zitabandikwa ubaoni hapa. Themostati iliyofumba, kifuniko kilichokatika na klachi iliyovuja vimo kwenye debe chini ya meza ya Mweka Hazina, na rejeta zote mbili zimeegemezwa ukutani ghalani. Kila mwanachama anaruhusiwa kwenda kuzitazama na kuzipima kwa vidole vyake mwenyewe kabla ya kura ya Jumamosi.